Uzi Mwekundu wa Mama Sponji

Boksi linarushwa kutoka ghorofa ya pili. Linagonga ukingo wa ngazi, linapinduka, linabiringika mpaka chini na kutulia miguuni pa jirani anayerudi na mkate wake.

"Umeanza tena!" jirani anasema, akiliruka bila hata kushtuka.

"Niwie radhi, jirani. Leo tuna safari ndefu," sauti inajibu kutoka juu.

Mwenye sauti anashuka bila haraka. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mifuko ya aproni yake imetuna, na mkasi unaning'inia shingoni kwa kamba. Analiokota boksi na kulifungua. Ndani, katikati ya vipande vya sponji, kuna balbu ya taa iliyoungua zamani. Anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza huku na huku. Haina hata ufa.

"Nzima," anasema, na kuibusu. "Ikipona balbu, na treni itapona."

Hapa mtaani wanamwita Mama Sponji. Kazi yake ni kufunga vifurushi vya duka linalouza modeli mtandaoni: ndege, meli, magari na treni za plastiki, zinazokuja vipandevipande ili mnunuzi aviunganishe kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe. Duka ni la shemeji yake, mdogo wa mumewe. Usidhani kuna jengo la vioo. Ni chumba kimoja chenye rafu mpaka darini, meza moja, na magunia mawili ya sponji.

Wateja wengi ni watu wazima na akili zao timamu.

"Nilipoambiwa kuna baba mzima anakaa wiki nzima akipaka rangi usukani mdogo kuliko punje ya mchele, nilicheka mpaka machozi," anasema Mama Sponji. "Sasa sicheki. Mtu akipenda kitu chake, na wewe kiheshimu."

Kabla yake, aliyekuwa akifunga vifurushi ni shemeji mwenyewe. Anachukua modeli, anaitumbukiza kwenye mfuko wa nailoni, anazungusha selotepu mara moja, safari njema. Boksi la kiwandani ni la karatasi nyepesi. Likikaliwa na mzigo mwingine ndani ya gari, kwisha habari yake. Mabawa yanavunjika, milingoti ya meli inakatika, na vioo vya madirisha, ambavyo ni plastiki nyembamba, ndivyo vinavyotangulia kupasuka.

Katika kila vifurushi kumi, vitatu au vinne vilirudi. Mteja mmoja aliweka mtandaoni picha ya ndege yake, bawa limevunjika katikati, akaandika chini yake: "Imeanguka kabla haijaruka."

"Ile niliicheka mwenyewe," anakiri shemeji, kijana mpole asiye na papara isipokuwa kwenye kufunga mizigo. "Halafu nikaona watu mia tatu wameipenda. Kicheko kikaniishia."

"Shemeji yangu ana kichwa cha biashara," anadakia Mama Sponji, "lakini mikono yake ni ya kupakia mbao."

Yeye alikuwa fundi cherehani. Nguo za tayari zilipojaa sokoni, wateja wakapungua hadi ikawa siku inapita bila pindo la suruali. Akaja dukani kusaidia kwa siku chache, na siku chache hizo sasa zimefika mwaka wa tatu. Analipwa kwa kila boksi. Si fedha ya kujengea ghorofa, lakini kodi ya nyumba inalipwa kwa wakati na mboga haikosekani. Sponji anapewa bure na fundi wa makochi wa chini, ambaye zamani alikuwa akizitupa.

Siku hizi kifurushi kikirudi ni habari ya mjini. Ila kuna mteja mmoja aliyemnyima raha Mama Sponji, na boksi la leo ni lake.

Mteja huyo dukani wanamwita Dereva. Ni mzee mstaafu anayeishi mbali, aliyeendesha treni karibu maisha yake yote ya kazi. Aliona kwenye simu modeli ya kichwa cha treni cha aina ileile aliyoiendesha, ikiwa na karatasi ya stika za namba. Mtu anachagua tarakimu anazotaka, anazibandika ubavuni. Mzee akaagiza siku hiyohiyo. Alitaka namba ya treni yake.

Modeli ya kwanza ilifungwa na shemeji, kabla Mama Sponji hajaijua kazi hii. Ilifika paa limepasuka na kioo cha mbele hakionekani kilipo. Mzee alirudishiwa fedha, akakaa kwanza, mpaka mwaka jana akajaribu tena. Safari hii aliyefunga ni Mama Sponji.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akijua yaliyompata mzee, aliweka sponji, akaweka plastiki ya viputo, akaweka boksi ndani ya boksi, kisha akazungusha selotepu, akazungusha, akazungusha.

"Mume wangu aliliona lile boksi akaniambia, siku nikifa usinifunge wewe, sitatoka hata siku ya kiyama," anasimulia, akicheka kidogo.

Kifurushi kilifika kizima kama kilivyotoka. Mzee akahangaika nacho kwa kucha, akahangaika nacho kwa meno aliyobakiwa nayo, mwishowe akachukua kisu cha jikoni. Mkono wake unatetemeka siku hizi. Kisu kilipita selotepu, kikapita boksi la kwanza na la pili, kikakata karatasi ya stika katikati, juu ya namba.

Akapiga simu. Hakugomba.

"Aliniambia, mwanangu, umefunga vizuri sana, kosa ni langu na kisu changu." Mama Sponji anautazama mkasi wake. "Afadhali angenitukana. Nililia siku ile. Nilikuwa nimewaza mashimo ya barabarani, nimewaza mvua, nimewaza wapakiaji wanaorusha mizigo. Yeye mwenyewe sikumwaza."

Na kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza modeli ile. Dukani ilibaki moja tu, juu kabisa ya rafu. Mteja mwingine akaitaka, tena kwa bei ya juu. Shemeji akajikuna kichwa.

"Nilimwambia, shemeji, hiyo ina mwenyewe, ni ya Dereva," anasema Mama Sponji. "Akanitazama, akaona sina utani. Akairudisha juu."

Lakini Mama Sponji hakuituma kwa mzee. Iliendelea kukaa pale, kwa sababu ikiharibika hiyo, mzee wa watu hataipata tena.

Jibu lilimjia jikoni, alipokuwa akifungua mfuko wa unga ulioshonwa mdomo kwa uzi. Kila aliyewahi kuufungua anajua: ukikosea upande utavuta mpaka kesho, ukiupata uzi wenyewe mdomo wote unaachia mara moja.

"Mimi fundi cherehani mzima, mifuko ya unga nimefungua tangu utotoni, akili isinijie!" anajigonga kipaji cha uso. "Niliuacha unga wazi, nikakimbilia uzi."

Sasa kila boksi lake lina uzi mnene mwekundu uliolazwa chini ya selotepu, na mkia wa kama kidole umeachwa nje. Ukiuvuta, selotepu inapasuka mstari mzima. Karibu na mkia anaandika kwa kalamu ya wino mzito: VUTA HAPA. KISU KIPUMZIKE.

Ndiyo maana leo ameangusha balbu ngazini, aone kama boksi lenye uzi linahimili. Anaiweka pembeni, anaipangusa mikono yake kwenye aproni na kuishusha modeli ya mwisho. Karatasi ya stika anaiweka kati ya kadibodi mbili, chini kabisa, mbali na mdomo wa boksi. Kioo cha mbele anakizungushia sponji laini kuliko zote. Mwisho analaza uzi mwekundu, anaacha mkia nje, na kufunga.

Msafirishaji anapokuja, anamkabidhi kwa mikono miwili. "Kaka, hili ubebe kama yai."

"Mama, maneno hayo unaniambia kila siku."

"Leo nasema kweli."

Wiki inayofuata inaingia simu ya video. Shemeji anaiegemeza kwenye kopo la gundi. Kwenye kioo cha simu anatokea mzee mwembamba, boksi liko mezani mbele yake. Kando ya boksi kuna kisu.

"Baba, weka kisu!" Mama Sponji na shemeji wanapaza sauti pamoja.

"Hiki ni cha mkate, nyie," mzee anasema. "Mnaniona mtoto?"

Anaushika mkia wa uzi. Unamponyoka mara moja, mara ya pili vidole vinaukamata. Anavuta, na boksi linafunguka kama mdomo wa mfuko. Anaondoa sponji kipande kwa kipande, anakiinua kioo cha mbele, anakichungulia. Kisha anafika kwenye kadibodi mbili. Anazitenganisha, anaisogeza karatasi karibu na macho, na anaanza kusoma tarakimu polepole kwa sauti, akichagua zake. Anaponyamaza, amezipata zote.

"Zipo," anasema. "Mwanangu, zipo."

Mama Sponji anajipangusa macho kwa kitu kilicho karibu, ambacho ni kipande cha sponji, na shemeji anageukia rafu kama mtu anayetafuta kitu.

"Nikimaliza kuiunda," mzee anaendelea, "nitakutumia uione, halafu utanirudishia."

"Usithubutu!" Mama Sponji anadakia papo hapo. "Atakufungia nani huko? Iache hapohapo mezani, baba. Nitakuja kuiona mwenyewe."

"Basi njoo. Lakini uje kwa treni. Nitakuja kukupokea stesheni."

Tangu siku hiyo, kwenye rafu, karibu na ile balbu, kuna kopo la nauli. Shemeji ameshatia ya kwake. Mama Sponji anataka kusafiri mzee atakapomaliza kupaka rangi, na ameshasema kiti anachokitaka: cha dirishani.

"Miaka mitatu nafungia watu madirisha ya treni yasipasuke," anasema, akikata kipande kipya cha sponji. "Sijawahi kukaa nyuma ya hata moja."