Kiguu na Njia Ajenga Kisiwani

Wagonjwa walimwita Sista, lakini mumewe, fundi saa, alimwita Kiguu na Njia, na jina hilo ndilo lililomganda. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, miaka ishirini na sita ya kusimama wima. Hata nyumbani chai aliinywa akiwa amesimama, kikombe mkono huu, ufagio mkono ule.

Kisiwa alikijua kwa sababu ya chanjo. Manesi watatu, yeye akiwamo, walitumwa kuvuka ziwa kwa boti ya injini, wakachanje watoto siku nne. Siku ya mwisho, wakiisubiri boti, alivua viatu akakaa juu ya jiwe kubwa lililokwisha kupata joto la asubuhi. Maji yaligonga mawe chini yake. Hakuna aliyemwita. Alikaa robo saa nzima, na kisiwa kikamteka.

"Nataka kujenga kule," alimwambia mumewe hata mkoba hajautua.

"Kule wapi?"

"Kisiwani. Kanyumba ka kupumzikia. Vyumba viwili na baraza."

Fundi saa akaondoa lenzi jichoni. "Mke wangu, hapa penyewe kiti chako bado hakijakujua."

"Ndiyo maana nataka kujenga."

Akajenga. Likizo tano zilikwenda huko. Saruji ya kwanza ililoa kwa mawimbi botini, ikagandia humo humo kwenye mifuko. Akakaa juu yake akalia, akajifuta, akaagiza nyingine na turubai la kuifunika. Mwashi wa kisiwani, mtu wa maneno machache, ilibidi amnyang'anye mwiko.

"Mama, ukuta ukauke kwanza. Huu si mgonjwa, hautakufa ukiuacha."

Likizo ya sita wakaenda wawili, mtu na mumewe, kupumzika. Siku ya kwanza alihamisha kitanda mara mbili. Ya pili alishusha mapazia, akayakunja pindo upya, akayapandisha. Ya tatu alikaa barazani, macho majini, mguu ukimcheza. Akaaga kwamba anapita zahanati ya kisiwani kuwasalimu manesi tu. Alirudi jioni, mikono inanuka spiriti.

Fundi saa, aliyeapa kwamba kelele za maji zitamnyima usingizi, alikuwa amejinyoosha mkekani, kifua wazi.

"Hivi," aliuliza bila kufumbua macho, "nyumba hii umejijengea wewe au umenijengea mimi?"

Alitaka kucheka, badala yake akashika ufagio. "Usinichokoze, baba watoto. Hapa nilipapenda. Nilipapenda kweli."

"Nani kakataa? Kupenda umependa. Kukaa ndiko kulikokushinda."

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano. Kesho yake alishuka mpaka kwenye lile jiwe, akajilazimisha. Mgongo ukawasha, vidole vikatafuta kitu cha kushika. Ndipo wazo likamjia: siku ile alitulia kwa sababu boti ilikuwa njiani inakuja.

Hakumwambia mtu. Likizo ilipokwisha, mumewe alisema, "Niache wiki moja tu. Saa za watu nitazitengenezea hapa." Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa wa pili, na meza yake ya kazi ikavushwa na boti.

Sista akabaki mjini, na huko nako hakutulia. Akiwa ananawa kabla ya upasuaji, mawazo yalikuwa kwenye dirisha la nyuma kule kisiwani. Zamu ikiisha anapiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Dirisha umelifunga?"

"Njoo ulifunge mwenyewe."

Kila Jumamosi alikuwa wa kwanza gatini, kopo la rangi mkononi, na Jumapili kabla ya adhuhuri alikuwa wa kwanza kuondoka, mumewe akimsindikiza kwa miguu mitupu, hana haraka.

"Sista," mwendesha boti alimuuliza siku moja, "kwako hasa ni wapi, huku au kule?"

Aliinama akafunga kamba za viatu.

"Washa injini," akasema. "Tunachelewa."