Kufuli la Mtaa Wetu

Mtaa wetu wa Makanyagio ulikuwa na mbwa wachache, na wote waoga, kwa hiyo kazi ya ulinzi niliachiwa mimi. Si kwa ushujaa. Ni kwamba sikuwa mtu wa kutoka. Nilitengeneza redio za watu barazani kwangu, habari za soko nilizisikia kwa waliokwenda, na zamu yangu ya doria ya usiku ya sungusungu niliilipa kwa jogoo. Msimu wa mashamba ulipofika, watu waliambiana: "Vitu peleka kwa yule asiyetoka."

Na mahali pa kuviweka palikuwepo. Kaka yangu alijenga gereji kabla hajanunua gari, kisha akahamia Tabora akaniachia nyumba. Gari likabaki kwenye maongezi. Humo ndani ililala baiskeli yangu, ambayo nayo haikuwa na safari nyingi.

Mwaka mmoja, tisini na kitu, jirani yetu mshonaji alikuwa anakwenda Kibaoni kumsaidia mama yake kuvuna mpunga. Akaleta cherehani yake ya miguu, imefunikwa kitenge.

"Shemeji," akaniambia, "watoto wangu wanasoma kwa hiki chuma. Kikipotea, nawaleta kwako uwasomeshe."

"Humu hata panya anabisha hodi," nikamjibu.

Kweli nilijipanga. Nilipandikiza vipande vya chupa juu ya ukuta, vikanichana vidole mimi kabla ya mwizi yeyote. Mlango mkubwa nikaufunga kwa mnyororo na kufuli lenye ukubwa wa ngumi. Ila kufuli lilikuwa geresha tu. Ulinzi wenyewe ulikuwa ndani: nondo iliyokatiza mlango, ambayo huwezi kuichomoa mpaka upitie kimlango cha uani, na ufunguo wa kimlango hicho niliuficha chini ya jiwe la kuogea. Juu ya hayo nikafuga kanga wawili, wale ndege wa porini ambao hata kivuli kikipita wanapiga kelele mtaa mzima usikie.

Wiki ya kipaimara cha binti yetu akaja kijana anasukuma baiskeli iliyoning'inia makufuli kila upande. Akalitazama langu, akacheka.

"Braza, hili? Hili ukilikoholea linafunguka."

Angenitukana mimi ningenyamaza. Lakini kufuli langu!

"Hilo ni la kukupumbaza wewe," nikamwambia. "Njoo huku."

Nikamzungusha. Nondo aliishika mwenyewe, akatikisa kichwa kwa mshangao. Jiwe nililiinua mimi, ili aone ufunguo ulivyolala. Kanga walipoanza makelele nikamwonyesha wanavyonyamaza ukiwatupia pumba.

"Braza, wewe ungelinda benki," akasema. "Na siku ukitoka je?"

"Mimi? Sitoki. Labda Jumapili hii tu, binti yangu anapata kipaimara."

Akanipa hongera ya binti, akaenda zake. Hakuniuzia hata kufuli moja. Nikarudi barazani napiga mluzi.

Mama watoto alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Yule nani?"

"Muuza makufuli."

"Umenunua?"

"Ninunue ya nini?"

"Basi wewe ndiye umemuuzia." Akaweka ungo chini. "Nimesikia mpaka habari za pumba."

Nikamwambia kijana alikuwa na sura ya heshima. Mama watoto alichukua bisibisi yangu, akaingia gereji, akakifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakibeba kifuani kama mtoto mgonjwa na kukizika ndani ya pipa la mahindi. Juu ya meza akaweka sufuria kuukuu, akaifunika kile kitenge ili umbo lionekane kama la cherehani.

"Na ufunguo wako hamisha," akasema.

Lakini kuhamisha ni kukiri. Niliuacha pale pale.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani, mimi na koti langu la harusi. Kanga walikuwa kimya, wameshiba, pumba zimetapakaa uani. Jiwe lilirudishwa mahali pake vizuri. Nondo iliegemezwa ukutani. Baiskeli yangu haikuwepo, wala mnyororo, wala lile kufuli la geresha. Kitenge kilifunuliwa. Sufuria waliiacha.

Wageni wa kipaimara walikula pilau yangu huku wananicheka. "Yaani siku moja tu umetoka!"

Jirani aliporudi, kisa chote alikuwa ameshakisikia njiani, akaja mbio bila kutua mzigo. Mama watoto akafukua pipa, wakakifunga kichwa mezani wao wawili. Mimi nilijifanya nina redio ya haraka. Jirani akaweka kitambaa, akakanyaga. Cherehani ikatafuna kitu, ikakwama. Akilini nikawaona watoto wake wote wamejipanga mstari mlangoni kwangu na madaftari. Akaichokoa, ikatoka punje ya mahindi. Akakanyaga tena, ikakimbia, na yeye akapiga kigelegele.

Akamkumbatia mama watoto. Kwangu akageuka akasema, "Pole na baiskeli, shemeji. Sijui ulikuwa unaendaga nayo wapi."

Msimu uliofuata nilimwona anakuja tena, kichwa cha cherehani amekibeba mgongoni kwa kitenge. Nikainuka, nikafungua mlango wa gereji wote, pande mbili. Akanipita.

"Dada yupo jikoni?"

"Yupo. Lakini gereji hii hapa..."

"Wewe kaa hapo hapo, shemeji, watu wakuone," akasema, tayari yuko uani. "Ila mtu akikuuliza kitu, mwite dada."