Neno la Kufungua Mashine ya Persis

Persis ni bibi ya kaka yangu Alfayo, wanakaa Kiogoro. Mwaka wa elfu mbili na saba alikuwa anafanya na shirika moja la kupima damu. Kuzunguka vijiji mpaka Nyamira, kuandika nani ako na virusi vya ukimwi. Majina yote yalikuwa ndani ya laptopu. Bosibori, yule wa kuuza ndizi soko ya Daraja Mbili, alikuwa humo, na hata bwana yake hakuwa anajua. Persis alijua.

Fundi alitoka Nairobi kufunga hiyo mashine na neno la siri.

"Madam, sasa diski yote imegeuzwa mafumbo, bila neno haisomeki. Mwizi hata akiing'oa aweke kwa mashine ingine, ataona takataka tu. Lakini ukiweka neno rahisi nimetoka Nairobi bure. Usiweke jina la mtoto."

"Mtoto gani na bado sijazaa?" Persis akacheka, tumbo ni ya miezi saba.

Akaweka Nyanchera. Hiyo ni jina ya mama yake, tulikuwa tumemzika juzi tu.

Akazaa msichana. Na kwetu mtu akitoka kuzikwa, mtoto anayefuata anabeba jina. Mtoto akawa Nyanchera. Neno kwa mashine halikubadilishwa. Persis aliniambia baadaye haikumuingia hata kwa akili. Kwake hiyo ilikuwa bado jina ya mama.

Mtoto akafika miaka miwili, anapenda kutorokea mtoni. Kila jioni Persis anasimama juu ya shamba: "Nyanchera! We Nyanchera, kuja uoge!" Mlima mzima unasikia.

Sabato moja tulikuwa wote kanisani. Jirani yetu Mogire aliacha kanisa kitambo, na alijua hakuna mtu nyumbani. Akavunja dirisha ya Persis, akapeleka laptopu Ogembo kwa mnunuzi.

"Inaitisha neno," mnunuzi akamwambia. "Bila neno, hii ni ubao ya kukatia nyama."

Mogire akakaa chini, akajaribu Persis. Ikakataa. Akajaribu Alfayo. Ya tatu ikafungua.

Baadaye, nilipomshika shati kumuuliza alijuaje, akanicheka. "Siri gani, wewe? Si shemeji yako anaipigia kelele kila jioni?"

Angeuza tu anyamaze. Lakini alisoma yale majina, na akienda kwa pombe mdomo yake haifungi. Kufika Jumatano, Daraja Mbili hakuna mtu anagusa ndizi ya Bosibori. Zikaiva, zikawa nyeusi. Bwana yake akatupa godoro yake nje, mvua inanyesha.

Bosibori alikuja kwa Persis na miguu, amelowa.

"Uliniambia ni mimi na wewe na Mungu."

Persis alimvutia kiti. Bosibori hakukaa.

Alirudi kwao, akaacha dawa. Mwezi wa tisa tukasikia wamemzika. Persis alienda mazishi, akasimama nyuma kabisa, kwa migomba.

Kazi aliacha mwenyewe. Tangu hapo jioni ikifika haiti mtu. Anashuka mpaka mtoni, anashika mtoto mkono, wanapanda wakinyamaza.