Waya Uliotoka Dirishani Kwetu

Kila mwaka shule zilipofungwa na vumbi la kiangazi likaanza kutanda Shituru, mtaa wetu mjini Likasi, Katanga, waya mweusi ulitoka kwenye dirisha la sebule yetu. Ulipita juu ya ukuta wa lupango, yaani ua wetu, ukavuka njia ya watu wa miguu ukiwa umeinuliwa juu ya mti wenye panda, ukafika kwenye uwanja wa upande wa pili, karibu na reli. Mwisho wake kulikuwa na kipaza sauti cha kusanyiko letu. Mwanzo wake, chini ya dirisha, kulikuwa na baba yangu ameketi kwenye kiti.

Kwa asiyezoea mambo yetu, nieleze kidogo. Katika makusanyiko yetu hakuna mchungaji mmoja anayeongoza wote. Kuna wazee, na ndugu mwenye karama ya kufundisha anasimama na kufundisha. Jumapili asubuhi tunakaa kuizunguka meza yenye mkate na kikombe. Likasi ina makusanyiko kadhaa, na njia ya kwenda Mwadingusha ina mengine madogo vijijini. Mwaka mzima kila kusanyiko linajishughulisha na ya kwake. Vakansi, yaani likizo, zikifika, yanakutana kuhubiri Injili mtaa kwa mtaa, na wageni wanalala katika nyumba zetu.

Usidhani vakansi hizo zilikuwa za joto. Kwetu ni majira ya baridi kavu. Asubuhi watoto walikuja kujifunza mistari ya Biblia wakiwa wamevaa masweta ya kaka zao, mikono imepotea ndani ya mikono ya sweta. Mchana ndugu walikwenda wawili wawili kupiga hodi milangoni na vikaratasi vyao. Saa tisa mabenchi yalipangwa uwanjani, na mahubiri yaliendelea mpaka jua linazama nyuma ya vilima. Vilima vyenyewe vilikuwa vikiungua, maana huo ndio wakati wa kuchoma nyasi, na majivu meusi mepesi yalituangukia vichwani wakati wa maombi. Mama zetu walikuwa na vitambaa vya kichwa. Sisi watoto tuliyapuliza.

Mama yangu alikuwa wa kusanyiko tangu usichana wake. Baba alikuwa Mkatoliki, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kampuni. Ndiyo sababu umeme wake haukukatika ovyo kama wa wengine, na ndiyo sababu wazee walikuja kwake kila mwaka kuomba waya. Hakukataa hata mara moja. Aliwapa viti, akawapa munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi, kisha akatoa waya wake mwenyewe aliouhifadhi kwa ajili ya kazi hiyo, akaukagua toka mwanzo hadi mwisho kwa vidole vyake.

Lakini kuketi uwanjani, hapana. Alisema ukikaa mara moja, kesho watakuuliza utabatizwa lini, na keshokutwa wenzako wa kiwandani watakuuliza umeacha Misa kwa nini. Alikuwa na Kanisa lake na alilipenda. Kwa hiyo alibaki chini ya dirisha.

Mama hakugombana naye. Ila alikuwa na hamu moja, nami niliijua kwa sababu aliniambia siku moja tulipokuwa tunatwanga sombe, majani ya mihogo, kwa ajili ya wageni. Aliniambia bila kuacha kutwanga.

"Siombe abadirishe kanisa," alisema. "Akae tu pembeni yangu. Siku moja tu."

Tangu siku hiyo nilianza kumwangalia uwanjani. Aliketi daima mwisho wa benchi la nyuma, na pembeni yake aliweka Biblia na kitenge kilichokunjwa, mahali panapotosha mtu mmoja. Mtu akija kutafuta nafasi, aliondoa vitu vyake na kumkaribisha kwa tabasamu. Mtu huyo akiondoka, alivirudisha.

Baba naye huko dirishani alisikia kila kitu. Jioni wageni walipokaa naye mezani, bukari, ugali wetu, ikitoa moshi katikati, aliwauliza maswali. Alitaka kujua kwa nini yule baba wa mwana mpotevu hakumtuma mtumishi amfuate kijana wake. Aliuliza pia kwa nini ndugu wa jana alisema mambo matatu kisha akaeleza mawili. Wageni walicheka. Mzee mmoja wa kusanyiko, mtu mrefu mpole aliyekuwa fundi wa baiskeli, alipenda kumchokoza.

"Papa, weye unasikia kupita bale banakaa mbele."

"Minye nachunga waya," baba alijibu. "Dirisha iko wazi juu ya waya yenu. Mukitaka nisisikie, mutoe waya."

Huo ulikuwa utani wao wa kila mwaka. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja waya ungetolewa kweli.

Nilikuwa nimefika darasa la mwisho la shule ya msingi umeme ulipoanza kukatika hata kwenye nyumba za kampuni. Majirani walisema samaki wa Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme, wamelala juu ya nyaya. Mwaka mmoja kipaza sauti kilinyamaza katikati ya sala ya kufunga, na ndugu aliyekuwa akiomba aliendelea kwa sauti ndogo, asijue kwamba watu wa nyuma wameshasema amina na kuanza kukusanya watoto. Vijana wa kusanyiko waliofanya biashara sokoni wakachanga. Mwaka uliofuata walinunua jenereta, groupe kama tunavyoiita sisi, nyekundu, mpya, bado ina karatasi yake.

Wazee walikuja kwa baba kama kawaida, ila safari hii walikuja kumshukuru. Walimwambia amewasaidia miaka mingi na sasa hawatamsumbua tena. Walisema kwa heshima kubwa. Baba aliwajibu vizuri, akawapa munkoyo, akasifu mashine yao. Walipoondoka aliuchukua ule waya uliokuwa tayari mezani, akauzungusha kwenye kiwiko chake polepole, akautundika kwenye msumari jikoni. Mama alikuwa akichambua maharage. Alimtazama mpaka alipomaliza.

Nadhani siku hiyo nilielewa jambo ambalo wazee hawakuliona. Walidhani wamemwondolea baba mzigo. Lakini mtu ambaye hataki kuingia mlangoni anahitaji sababu ya kukaa karibu na mlango, na sababu ya baba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari.

Siku ya kwanza ya mahubiri groupe iliwekwa nyuma ya mabenchi. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima bila kufika. Ndugu mhubiri alipaza sauti, mashine ikapaza zaidi. Watoto waliziba masikio na kucheka. Nilichungulia upande wa nyumbani. Baba alikuwa ametoa kiti chake mpaka chini ya dirisha, kwa mazoea, akakaa kidogo mikono juu ya magoti. Hakuwa na waya wa kuchunga, na maneno hayakumfikia. Akasimama, akaingia ndani na kiti chake.

Jioni, wanawake walipokuwa wakigeuza bukari kwenye masufuria makubwa, mama alifuta mikono na kuwaendea wazee waliokuwa wakijadili ile kelele. Nilikuwa nyuma yake na rundo la sahani. Mmoja alitaka kuchimba shimo la kuizika nusu. Mwingine alitaka kuizungushia magunia.

"Ile mashini iko na makelele," mama aliwaambia. "Muilete ku lupango yetu. Waya ya Papa iko murefu."

Wazee walitazamana. Fundi wa baiskeli ndiye aliyekubali wa kwanza, akasema kesho asubuhi atakuja mwenyewe kumwomba baba.

Ungemwona baba asubuhi hiyo! Waya ulishuka kutoka kwenye msumari. Aliichagulia groupe mahali pazuri kando ya ukuta wa jikoni, akaiwekea matofali chini isipate unyevu, ingawa hapakuwa na unyevu wowote nchini mwezi ule. Alifukuza mbuzi wa jirani ambaye hakuwa amefanya lolote. Saa tisa ilipofika aliiwasha kwa mkono wake, kipaza sauti kule uwanjani kikaitika, naye akaketi chini ya dirisha kama zamani.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kukaa na watoto wadogo kwenye mikeka ya nyuma, na kutoka pale niliona lango letu vizuri. Uwanjani sasa tulisikia kila neno. Lakini baba alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwenye mashine. Kelele yote tuliyoikimbia tulimwachia yeye.

Kwanza aliinamisha kichwa na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Kisha alisogeza kiti mpaka kwenye ukuta. Baadaye nikakiona kiti langoni. Baadaye tena nikakiona nje ya lango, na baba amekaa ubavu, sikio moja upande wetu. Ndugu aliyehubiri alikuwa akisimulia habari za yule mtu mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu akipita. Alisimulia vizuri, pole kwa pole, na alikuwa amefika pale Yesu anaposimama chini ya mti. Baba aliondoka kwenye kiti.

Alikuja akifuata waya. Aliukagua kwenye mti wa panda, akaunyoosha kidogo kwa mguu, akatazama huku na huku kama mtu aliye kazini, akaendelea mpaka kwenye mabenchi. Alipofika benchi la nyuma alimnong'oneza fundi wa baiskeli kwamba amekuja kuangalia waya. Mzee aliitikia kwa kichwa. Mama hakugeuka. Alichukua tu Biblia na kitenge chake akaviweka magotini.

Baba akaketi, mwisho kabisa wa benchi, mguu mmoja nje kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

Mle magotini, mikono ya mama ilikuwa imeshika kitenge kwa nguvu. Mimi nilisahau watoto kabisa. Wawili walikuwa wanakula majivu.

Na hapo ndipo mashine ilipozimika. Mafuta yaliisha, au labda ilichoka. Kipaza sauti kikanyamaza, ngurumo ya mbali ikakoma, na katika ule ukimya kila mtu aligeuka kutafuta mchunga waya, wakamwona pale, ameketi karibu na mke wake. Baba alianza kuinuka haraka, uso umemwiva, akisema kwamba anakwenda kuiwasha, ni mafuta tu. Nilijua akifika kule hatarudi. Mama alijua pia. Hakumshika, alitazama mbele.

Fundi wa baiskeli alinyoosha mkono bila kuinuka.

"Kaa, Papa," alisema. "Atasema na kinywa chake tu. Tuko karibu."

Mhubiri alielewa. Aliweka chini kile chombo cha kusemea kisicho na uhai, akaja katikati ya mabenchi, akaendelea kwa sauti ya mtu anayezungumza sebuleni. Baba alisimama bado, nusu. Hapakuwa na waya wa kuchunga tena wala mashine ya kulinda. Ule muda ulinielemea mimi kuliko wote, nadhani. Kisha akaketi. Alivuta na ule mguu wa nje, akauweka ndani ya benchi pamoja na mwenzake.

Jioni mezani hakuna aliyemuuliza kuhusu ubatizo. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule mzee aliwazuia wote, wageni na vijana, akawaambia kwamba mtu akija kukaa, mpe nafasi ya kukaa. Baba alimuuliza mhubiri ule mti ulikuwa wa aina gani na kama unaota Katanga.

Hakubadili kanisa. Jumapili alikwenda Misa mpaka mwisho wa maisha yake, na tulimzika kwa nyimbo za parokia yake, makusanyiko yote ya mji yakiwa yamesimama nyuma. Lakini kila vakansi tangu mwaka ule, groupe ikishanguruma vizuri, alifuata waya mpaka benchi la nyuma, kuuangalia. Hakuwahi kukosa sababu hiyo, na sisi hatukuwahi kumwambia kwamba haihitajiki. Nikikutana leo na kijana anayehuzunika kwa sababu mtu wake hataki kuja, namsimulia habari hii. Namwambia asichoke kuweka nafasi kwenye benchi.

Siku hizi kipaza sauti chetu kina betri ndani yake, kinabebwa kwa mkono kama ndoo. Mama amezeeka, anakaa nami, na bado tunapokea wageni. Mwaka huu, tulipokuwa tunatandika vitanda vyao, nilimuuliza hatimaye kama alijua, siku ile alipoomba mashine iletwe kwetu, kwamba baba hatasikia kitu pale ukutani.

Alilainisha shuka, akalikunja pembeni.

"Minye nilisema mashini iko na makelele," akajibu. "Na ilikuwa na makelele, ao hapana?"

Kisha akanituma nje kuanua nguo. Waya wa baba siku hizi umefungwa kati ya dirisha na ukuta, na nguo za wageni zilikuwa zimeanikwa juu yake. Vilima vilikuwa vimeanza kuungua, na majivu yalikuwa yanakuja.