Moteri Haikulowa

Kamba ikakuwa nyepesi. Nilisikia hivyo kwanza na mukono, kabla ya macho kuona chochote. Muda wote ilikuwa inavuta, inalegea, inavuta tena, sawa kamba yenye mutu kwa mwisho wake. Halafu ikakuwa kamba tu. Nikaivuta, ikaja bila kubishana, na kwa mwisho nikakuta kitanzi ambacho yaya wangu, kaka yangu mukubwa, alikuwa amejifunga kwenye mukono wa kushoto. Kitanzi kilikuwa kizima. Mukono haukuwamo.

Nyuma yangu, kwa mukia wa mashua, mekanisie, fundi wa mashini, alikuwa amekumbatia moteri ya mashua sawa bibi-arusi. Aliivika koti lake ili mvua isiiguse. Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka na singleti, moteri imevaa koti.

Moteri haikulowa. Nitarudi kwa neno hilo, kwa sababu kuko mutu mumoja hapa kwetu Kashikishi ambaye ndilo neno la kwanza alilotaka kusikia.

Miaka ile ya sabini, wakati ng'ambo ya ziwa ilikuwa inaitwa Zaire, watu wetu walishikwa na ugonjwa wa kusifu. Kitu kikifika kipya, kinasifiwa kabla hakijafunguliwa kwenye karatasi. Kulikuwa viatu vya visigino virefu. Kijana anavivaa kwenye muchanga wa pwani, anazama, anajing'oa, anazama tena, na wasichana wanasema huyu anatembea kisasa. Kulikuwa miwani nyeusi, ambayo watu walivaa ndani ya baa isiyo na dirisha, mupaka mumoja akakalia mapaja ya mukwe wake. Kulikuwa frigo ya baa ile, ya kuwaka na mafuta ya taa. Bia iliingia mule ya moto, ikatoka ya moto, lakini kila mwenye kuipokea aliigusisha shavu na kusema, "Aah! Baridi ya Ulaya!" Mimi nilikunywa bia ile. Ilikuwa na baridi ya maji ya kuoshea mutoto.

Sawa. Viatu, miwani, frigo, hivi vyote havikuua mutu. Vilitufanya wajinga tu, na ujinga wa namna ile unaisha kiatu kikikatika.

Moteri ni mambo ingine.

Aliileta mwenye baa. Jina lake siandiki. Limeandikwa juu ya mulango wa baa yake na rangi nyekundu, mwenye kulitaka aende akasome. Sisi tulimwita patro, kwa sababu ndiye tajiri wetu. Alikuwa na mashua ya mbao ya kuvusha chumvi na sabuni ng'ambo na kurudi na samaki kavu na vitenge, na mimi na yaya tulikuwa wapiga kafi wake. Tulizaliwa ng'ambo sisi, baba alituvusha tukiwa watoto, kwa hiyo njia ile ya maji tuliijua sawa watu wanavyojua njia ya kwenda kwa choo. Mimi shule nilikaa kidogo, yaya hakukaa kabisa. Lakini yaya alikuwa anainua kichwa asubuhi, anageuza sikio upande wa ziwa, na anasema, "Leo twende," ao, "Leo tulale." Akisema tulale, tulilala. Patro alinuna, lakini chumvi yake haikulowa hata siku moja.

Kafi la yaya lilichongwa na muti wa mubanga, zito, jeusi pale alipozoea kulishika. Mimi nilijaribu kulitumia, likanichosha kabla ya kutoka kwenye matete.

Siku moteri ilipofika, patro hakuipeleka kwa maji. Aliipeleka kwa baa. Akaweka pipa mbele ya mulango, akalijaza maji, akafunga moteri kwenye ukingo wa pipa, akavuta kamba, na mashini ikalia mule ndani ya pipa, ikirusha maji na moshi. Fono, ile santuri ya baa, ilizimwa ili watu wasikilize moteri vizuri. Nasema ukweli mutupu: watu walicheza dansi. Mutu na bibi yake, wameshikana viuno, wanacheza kelele ya mashini ndani ya pipa. Mupiga picha akaja, watu wakapiga foleni, kila familia inasimama pale, baba ameweka mukono juu ya moteri sawa mutoto wake wa kwanza. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya kanisa, ilikuwa vile. Wamama waliacha samaki kwenye vichanja, nzi wakala sikukuu yao.

Muzee mumoja wa kanisa naye akaja kuiombea. Huyu pia simutaji, lakini anajijua, na alikuwa na sauti. Akaweka mukono juu ya moteri akasema kafi ni kitu cha mutu wa zamani, wa giza, na sasa tumezaliwa mara ya pili. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, nilikuwa nimebeba ndoo ya kujaza pipa, maji ya kwanza yalikuwa yameisha kwa kurushwa.

Hapo ndipo patro aliposhikwa na akili yake mubaya. Akaagiza makafi yote ya mashua yaletwe. Akayapigilia misumari juu ya mulango wa baa, yamepishana mawili mawili, sawa pambo. Kafi la yaya akaliweka katikati kwa sababu lilikuwa zuri.

Yaya akamufuata na adabu yote.

"Ba patro, mukwai, tuachie hata mbili. Tutaziweka chini ya mizigo, hakuna mutu ataziona."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Kama moteri inalala mu njia."

Patro akageukia watu. "Munamusikia? Moteri ilale! Iko bibi yako hii? Weye ulishaona kamio ya mizigo inabeba baisikeli, juu inaogopa kufa mu njia?"

Watu wakacheka wakajishika mbavu. Patro akaendelea, sasa hakucheka. "Kafi ndani ya mashua ya moteri ni matusi. Wateja bataona kafi, batasema moteri yangu ni ya uongo. Mwenye kutaka kafi, atafute bwato ya babu yake."

"Nimesikia, ba patro," yaya akasema.

Tukiwa tunarudi nyumbani nikamuuliza sasa sisi kazi yetu itakuwa nini. Akasema, "Tutakuwa mizigo, mudogo yangu. Mizigo haichoke."

Mekanisie ndiye aliyepewa mashua. Alitoka ng'ambo, na alisema alijifunza moteri Lubumbashi. Baadaye tulijua alikuwa anaosha magari kule, mikono yake ilijua moteri kwa nje. Alivaa vile viatu vya visigino, hata ndani ya mashua. Na ile mbio waliyoisifu, tutafika ng'ambo nshima, ugali wetu, ikiwa bado moto, mimi sikuiona. Niliona kungoja esanse, mafuta ya kunywesha mashini. Niliona kungoja mekanisie aamuke. Niliona mashini ikikohoa, tunasimama, anatosha buji, yaani anang'oa kile kichuma kidogo cha cheche, anaipuliza, anaifuta kwenye shati, anairudisha. Zamani tulitoka na giza la asubuhi na kufika. Sasa tulikaa pwani tukitazama moteri ikitutazama.

Siku ile yaya aliinua kichwa, akageuza sikio. "Leo tulale," akasema.

"Moteri haiulizake mupepo," patro akajibu, na miwani yake nyeusi, amesimama kwenye muchanga mukavu. Yeye hakuwahi kupanda mashua ile. Alitupungia mukono.

Tulikuwa wanne: mekanisie, yaya, mimi, na mama mumoja wa Kabuta, muchuuzi, mwenye kubeba mabeseni ya kuuza ng'ambo. Kisiwa cha Kilwa, kile cha ndani ya ziwa letu, kilikuwa kimebaki nyuma wakati mashini ilipokohoa na kunyamaza. Mekanisie akatosha buji. Akaipuliza. Akaifuta kwenye shati. Wimbi dogo, dogo kabisa, likagusa mashua, yeye juu ya visigino vyake akayumba, na buji ikaingia majini na sauti ndogo sawa mutu anayetema mate.

Tukatazama pale ilipoingia. Wote wanne. Ni ujinga, maji hayarudishi kitu, lakini tulitazama.

"Iko ingine?" mama wa Kabuta akauliza.

"Iko kwa nyumba."

"Kwa nyumba! Na makafi iko wapi?"

"Kwa baa," nikasema.

"Eh, Yesu. Sasa baa ituvushe!"

Mupepo ukaja, na mvua ndani yake, kutoka upande ule ambao sikio la yaya lilikuwa limesema. Mashua isiyokuwa na kafi inageuka ubavu kwa mawimbi, na mashua ya ubavu inakunywa. Mama akatugawia mabeseni, tukatoa maji na beseni, tukajaribu kupiga maji na beseni. Beseni linazunguka tu. Mama akamuvua mekanisie kiatu kimoja kwa nguvu akaanza kupiga nacho kafi, na nasema wazi, katika miaka yote ile ya kusifiwa, ndiyo siku ya kwanza niliona kiatu kile kikifanya kazi. Lakini hakikutosha. Mashua ilikataa kuweka kichwa kwa mawimbi.

Yaya akasema, bila kupandisha sauti, "Tosha moteri. Tuifunge ku kamba ya mbele, tuitupe mu maji. Uzito yake itavuta kichwa ya mashua, itaangalia mawimbi. Mupepo ikipita, tutaivuta."

Ilikuwa ni dawa. Kila mupiga kafi anaijua: kitu kizito kwa mbele, chombo kinageuka, kinapumua.

"Apana!" mekanisie akaruka akaikumbatia. "Moteri ya patro! Itakunywa maji! Ataniua!"

"Patro haiko hapa," mama akamwambia. "Maji njo iko hapa. Iwe, achilia hiyo kitu!"

"Muniue mimi kwanza!"

Nikaenda kumushika. Mashua ikainama, maji yakaingia mupaka magotini, mama akapiga kelele. Kupigana mule ndani kungetuua wote. Yaya akaona vile. Aliniita.

"Muache, mudogo. Rudi. Shika kamba hii."

Alikuwa amejifunga kitanzi kwenye mukono. Nikaelewa alichotaka kufanya, na nikasema, "Yaya, apana, tufunge nguo, tufunge magunia ya chumvi."

"Chumvi imeshayeyuka," akasema, na ilikuwa kweli, magunia yalikuwa yamelala tupu sawa ngozi ya mbuzi. "Shika sana."

Akaingia. Akalala juu ya maji mbele ya mashua, amefungua mikono na miguu, mawimbi yanamuvuta nyuma, kamba inakaza, na mashua ikageuka. Pole pole, lakini ikageuka. Ikaweka kichwa. Ikaacha kukunywa.

Mutu alifanya kazi ya chuma, na chuma kikakaa kikavu ndani ya koti.

Mupepo ulipopungua ulikuwa umeturudisha upande wetu, karibu na matete ya Kabuta. Hapo ndipo kamba ilipokuwa nyepesi. Wavuvi wa Kabuta walikuja kutuchukua na mabwato. Walikuja na makafi. Maiti ya yaya waliipata wao, kesho yake, kwenye matete.

Tulipofika Kashikishi, watu walikuwa wamejaa pwani. Patro akaingia majini na viatu vyake, mara ya kwanza ninamuona analowa. Akapita mama. Akapita mimi, ningali nimeshika kamba. Akafika kwa mekanisie.

"Moteri ilipata maji?"

"Apana, patro. Haikulowa hata kidogo."

"Aksanti Mungu," akasema.

Mama wa Kabuta alimutupia beseni, likamupata mgongoni. Hakugeuka.

Kwenye matanga alikuja, alileta gunia la unga, muzee wa kanisa akasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Mungu alipigilia misumari? Mekanisie alivuka ng'ambo na kiatu kimoja, sijamuona tena. Na siku ya Mungu iliyofuata, matanga hayajaisha, nikasikia mulio kutoka upande wa baa. Buji mpya. Pipa lile lile. Watu wanacheza.

Sasa moteri ile imekufa zamani. Patro aliitosha vyuma, kuku wanalala juu yake. Frigo ni kabati ya mahindi. Lakini makafi yangali juu ya mulango. Vijana wanakunywa chini yake na kusema ni pambo zuri la zamani. Mumoja aliniuliza kama najua lile jeusi la katikati lilikuwa la nani. Nikatoka nje.

Patro, wewe ungali muzima, unakaa mbele kanisani, unakohoa, watu wanakupisha njia. Unga wako tulishakula, ukaisha. Mimi ninataka siku ya Mungu, watu wakitoka kanisani, ulete ngazi mwenyewe. Upande mwenyewe, na magoti yako hayo. Ung'oe musumari wa katikati na mukono wako, unipatie kafi la yaya mbele ya wale wote waliocheka siku ile. Na muzee wako wa sauti asimame kando yako, asiombe, asikilize tu.

Halafu ujibu. Na sauti ile ile uliyonayo ya kuagiza bia. Nani alisema makafi yabaki? Na ulipoingia majini siku ile ukapita mbele yangu, uliona kamba mukononi mwangu, ao hukuiona?