Muuza Vipuri na Gari Aliloliita Kopo

Katikati ya karakana ya kunyoosha bodi na kibanda cha kuchaji betri kuna duka la vipuri, na nyuma ya kaunta yake anasimama mtu ambaye hajawahi kuletewa habari njema kuhusu gari. Wateja humwita Chuma. Hakuna anayeingia dukani humo kumwambia kwamba gari lake limeamka salama. Wanaingia na pampu inayovuja, bereki iliyokwisha, bushi zilizoliwa upande mmoja, na kila kimoja kinawekwa juu ya kioo cha kaunta kama ushahidi mahakamani. Baada ya miaka mingi ya kuwaona wagonjwa tu, Chuma alifikia uamuzi kwamba kampuni zote za magari ni wezi, na tofauti iliyopo ni ya kiwango cha wizi.

Hukumu zake zilijulikana mtaa mzima. Kampuni fulani injini yake nzuri, ila giaboksi walimwachia mtoto achore. Nyingine iliacha kutengeneza magari siku ilipoanza kuweka televisheni mbele ya dereva. Magari ya umeme aliyaita simu zenye matairi. Kila Jumapili mchana wapenzi wa magari walikutana kwenye uwanja wa kuoshea magari, na siku nyingine walibishana kwenye kundi lao la simu; kote huko neno la Chuma ndilo lililofunga mjadala. Mtu akiisifu kampuni yoyote, Chuma aliuliza swali moja tu: wamekulipa ngapi?

Kampuni aliyoichukia kuliko zote ilikuwa mpya sokoni. Magari yake yalikuwa madogo, ya chini, yenye milango mipana na bati jepesi. Chuma aligonga boneti ya la kwanza aliloliona, akasikiliza, akasema, "Kopo." Jina likashika.

Kisha mdogo wake, kinyozi, akanunua Kopo.

"Ungeniuliza," Chuma alimwambia, akilizunguka gari kama polisi wa barabarani.

"Ningekuuliza, ningekuwa bado natembea kwa miguu. Sikununua gari langu, Kaka. Nimenunua gari la Mama."

Mama yao ana figo zilizochoka. Mara tatu kwa wiki hupelekwa hospitali kusafishwa damu, na siku akikosa, maji humjaa mwilini. Pikapu ya Chuma ni ya zamani, ya juu, na mama alilazimika kubebwa ili aingie. Kwenye Kopo alikaa mwenyewe kwanza, akavuta miguu ndani, akafunga mlango. Kinyozi alilichagua kwa sababu hiyo na hakujali nyingine.

Miezi michache baadaye kampuni ikatangaza kwamba inayaita magari ya toleo lile yarudi. Rilei, yaani kidude kinachowasha feni ya rejeta, iliweza kugoma wakati wa joto. Wenye magari wayapeleke kwenye karakana ya kampuni, wabadilishiwe bure.

Kundi la simu lilisherehekea.

"Kopo limeanza kutoboka," aliandika muuza matairi.

"Chuma, wewe ni nabii," aliandika dereva teksi.

Mwalimu wa hesabu, ambaye naye alikuwa na Kopo, alijaribu kusema kwamba kampuni inayokiri kosa ni afadhali kuliko inayoficha. Chuma akamjibu papo hapo: "Mwizi akikurudishia kiatu kimoja, unamshukuru?"

Kinyozi alipanga siku ya kulipeleka gari, wiki iliyofuata. Chuma hakuweza kungoja. Alikwenda kinyozini na koleo na waya, akamkuta mdogo wake amefika nusu ya kichwa cha mteja.

"Nimeshapewa siku, Kaka."

"Na kesho kutwa Mama akiwa ndani, uko kwenye foleni, feni ikagoma? Utamwambia asubiri wiki ijayo?"

Mteja aliangalia kwenye kioo, akingoja jibu pamoja na nusu nyingine ya nywele zake. Kinyozi akatoa funguo.

"Feni tu," alisema.

"Feni tu."

Kazi yenyewe Chuma aliifahamu kwa kufumba macho. Kuunga feni moja kwa moja ni dawa ya mtaani: unavuta waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye feni, na kuanzia hapo ukiwasha gari feni inazunguka, kuwe na joto au kusiwe. Magari mengi ya zamani yameishi hivyo mpaka uzee. Alipomaliza aliona sensa ya joto, kidude kinachopima joto la maji, haina kazi tena, kwa hiyo akaichomoa. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Akaiziba kwa kipande cha utepe mweusi.

"Hiyo taa umeizibia nini?" kinyozi aliuliza alipotoka.

"Taa ya biashara. Ikiwaka, unakuja dukani kwangu kununua kitu. Nakuokoa na mimi mwenyewe."

Kinyozi alicheka, akaifuta ile siku aliyopewa na kampuni.

Kosa hili asingelifanya mtu asiyejua magari. Angeiacha sensa mahali pake kwa woga. Lilihitaji mtu anayeyajua vizuri, lakini ya zamani. Katika magari hayo, mshale wa joto una sensa yake peke yake. Katika Kopo, sensa ni moja: ndiyo inayoiamuru feni, na ndiyo inayomwambia dereva kwamba maji yanachemka. Chuma alikuwa ameitoa, na akaiziba taa ambayo ingemwuliza kwa nini ameitoa.

Mota ya feni, iliyonyimwa mapumziko, iliungua asubuhi moja kwenye foleni. Dashibodi haikusema chochote. Kinyozi alijua kuna tatizo pale mvuke ulipotoka kwenye boneti na injini ikajizima kwa kishindo, mama yake akiwa kando yake na mfuko wa hospitali mapajani. Alimpigia kaka yake.

Chuma alifika na pikapu. Kabla ya kumwamkia mama, alitoa simu, akalipiga picha Kopo likiwa limefunguliwa boneti na kufuka moshi, akaituma kundini. Chini yake aliandika: "Limechemka. Niliwaambia." Ndipo akambeba mama.

Walifika wamechelewa. Mashine zina zamu, na muuguzi alimpa mama muda uliobaki, si muda wake. Kesho yake miguu yake ilikuwa imevimba, na hakuweza kulala ila kwa kuegemea mito, akivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi.

Gari lilivutwa hadi karakana ya kampuni. Chuma alifuatana na mdogo wake. Alitaka kuwasikia kwa masikio yake wakiomba radhi. Mkuu wa karakana, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli safi, alifungua boneti, akaweka kidole juu ya waya na kuufuata mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akabandua utepe.

"Nani ameunga hii?"

Kinyozi alimtazama kaka yake.

"Mimi," Chuma alisema.

"Wewe ni fundi?"

"Nauza vipuri."

"Rilei ni kosa letu, tutaibadilisha bure. Injini imekufa kwa waya huu. Hiyo si yetu."

"Gari gani linakufa kwa waya mmoja?"

"Lililozibwa mdomo," alisema yule mkuu wa karakana, akafunga boneti. Haikutoa sauti ya kopo.

Nje, kinyozi hakupandisha sauti.

"Ile picha."

"Nitaifuta."

"Usiifute. Nenda uwaambie aliyeunga ni nani. Wateja wananionyesha picha hiyo nikiwa nimeshika wembe. Na mguu wa Mama umo, Kaka. Tazama mlangoni."

Chuma aliikuza picha kwa vidole viwili. Mguu ulikuwamo, na kandambili yake, umetokeza mlangoni, ukingoja kushushwa. Hakuwa ameuona.

Jumapili alisimama kwenye uwanja wa kuoshea magari na kusema. Alisema vibaya, kwa haraka, kama mtu anayelipa faini: feni aliiunga yeye, sensa aliichomoa yeye, injini imekufa kwa mkono wake.

"Bado ni Kopo," alisema muuza matairi. "Gari linaloshindwa na waya si gari."

"Lilikuwa na kosa la rilei," Chuma alisema. "Hili lingine ni langu."

Dereva teksi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Kaka, wamekulipa ngapi?"

Watu wakacheka mpaka waosha magari wakazima pampu ili wasikie. Mmoja alisema Chuma ameahidiwa Kopo jipya, la rangi ya dhahabu. Mwalimu wa hesabu peke yake hakucheka, lakini hakumtetea pia. Alikuwa bado anakikumbuka kile kiatu kimoja cha mwizi. Chuma aliwaambia kwamba wote ni wajinga, akaondoka, na jioni hiyo wakamtoa kundini.

Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali. Alifika na pikapu kabla ya wakati, ameiosha. Kinyozi alikuwa getini ameshanyoosha mkono.

"Funguo."

"Nitaendesha mimi."

"Mama amesema haendeshwi na wewe."

"Mpaka lini?"

"Muulize."

Mama alikuwa mlangoni, amevaa tayari, mfuko mkononi. Chuma hakuuliza. Alitoa funguo ambazo hakuwahi kumpa mtu, akambeba mama yake mpaka juu, akamfunga mkanda. Alikuwa mwepesi, na alitazama mbele wakati wote.

"Hiyo gia ya pili ina namna yake," alianza kumwambia mdogo wake. "Usiivute, unaisubiri kidogo, halafu—"

"Mwambie akapande nyuma," mama alimwambia kinyozi. "Atanishusha tukifika."

Pikapu ina viti viwili. Chuma alipanda kwenye bodi, akakaa juu ya tairi la akiba, mgongo kwenye kioo cha kabini. Kinyozi aliondoka kwa gia ya kwanza, akaivuta ya pili bila kuisubiri, na giaboksi ikalia kama mnyama aliyekanyagwa. Chuma aliinua ngumi kugonga kioo. Ndani, mama alikuwa akiongea jambo na kinyozi akimsikiliza, kichwa chake kimeinama upande wake. Ngumi ikashuka. Kwenye kona iliyofuata gia ikalia tena, na Chuma akashika ukingo wa bodi kwa mikono miwili.