Gemu ya Mkono Mmoja

Siku ya kwanza nilipomwona Mama Redio alikuwa na skrubu mdomoni. Mimi nilikuwa nimeketishwa kwenye kiti cha pili kutoka dirishani, katika chumba cha kusafisha damu, na muuguzi tuliyemwita Sista alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunichoma sindano mbili kwenye mkono wa kushoto. Damu yangu ilikuwa ikitembea kwenye mpira mwembamba nje ya mwili, naiona kwa macho yangu, nami nimekaza meno nisionekane mwoga. Kiti cha dirishani alikaa mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, redio ndogo imefunguliwa mapajani kama samaki aliyepasuliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, una sindano kama wangu. Kazi aliifanya kwa wa kushoto peke yake.

"Shika hapa," aliniambia bila salamu, skrubu bado iko kwenye meno.

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikashika kifuniko. Akakaza skrubu, akawasha. Redio ikakoroma, kisha mtu akaanza kusoma habari za hali ya hewa.

"Umeona? Wewe una wa kulia, mimi nina wa kushoto. Tukiunganishwa tunapata fundi mmoja mzima. Unafanya kazi gani?"

"Viatu."

"Unauza, unashona au unaiba?"

"Nashona."

"Haya. Basi wewe ni Kimya, mpaka siku utakayosema maneno kumi mfululizo."

Jina likanata. Hata Sista alianza kuniandika hivyo kwenye kipande cha plasta alichobandika kwenye mashine yangu.

Mama Redio alijifunza ufundi kwa kaka yake, kwenye kibanda chenye dirisha moja. Kaka alipohamia kwenye biashara nyingine, yeye alibaki na meza, bisibisi na wateja. Zikaja redio, zikaja kaseti, zikaja tivii zenye mgongo, zikaja simu. Kila chenye waya kilipita mikononi mwake. Figo zilipomwangusha hakufunga kibanda. Alihamishia nusu yake hospitali ndani ya kikapu. Sista alimkatalia pasi ya kulehemu tu. "Ukiunguza shuka zangu, mama, utalala kwenye magazeti," alimwambia. Kwa hiyo alileta kazi za bisibisi, na kazi za pasi akaziacha nyumbani.

Mbele yetu, kiti kinachotazamana na mlango, alikaa Dereva. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango wa ghala, aliyekuwa akiendesha malori ya safari ndefu kabla presha haijamharibu figo. Kila mmoja wetu alitakiwa kukaa masaa manne, mara tatu kwa wiki. Dereva hakuwa akifika hata nusu. Alianza kwa kutikisa mguu, kisha kuhema, kisha: "Sista, nitoe."

Daktari alimwambia mbele yetu sote, hakumficha: maji anayoyaacha mwilini yanapanda kwenye mapafu, na akiendelea hivi kuna siku hatafika hapa. Kwa kweli alishakaribia. Mara moja majirani walimleta wamembeba kwenye kiti cha plastiki, anapumua kwa sauti ya pampu ya baiskeli. Siku tatu baadaye alikuwa amesahau. "Sista, nitoe."

Mkewe alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje. Siku moja tulipotoka alimshika Mama Redio mkono. "Mama, mimi hanisikii tena. Wewe anakuogopa kidogo. Nisaidie akae."

Mama Redio alimkabili Dereva siku iliyofuata. "We, mtu mzima, nini kinakuwasha kwenye hicho kiti?"

"Mama, mimi maisha yangu yote nimekaa," Dereva alisema. "Nimekaa kuliko nyinyi wote humu. Lakini nilikuwa nimekaa na gari linakwenda. Kiti hiki hakiendi popote."

Ndipo Mama Redio alipokileta kile kisanduku. Mteja mmoja alikuwa amemwachia moja kwa moja, kwamba hana haja nacho: mashine ya gemu ya zamani iliyotengenezwa upya kwa umbo dogo, inakaa kwenye kiganja, na gemu zake chache ziko ndani tayari. Mama Redio aliichomeka kwenye tivii ya ukutani, akamkabidhi Dereva pedi ya kuchezea. Dereva akacheka kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Lakini pedi ile inataka mikono miwili: huku msalaba wa kuelekeza, kule vitufe. Katikati ya mchezo akajisahau, akainua mkono wenye sindano. Mashine yake ikapiga kelele, damu ikaruka kwenye shuka, Sista akaja mbio. Dakika chache baadaye kisanduku kilikuwa kabatini na Dereva alikuwa ameshachomolewa, anavaa viatu.

"Si kosa la gemu," Mama Redio alisema, hasira zimempanda. "Waliozitengeneza wana mikono miwili. Sista, nikipata za mkono mmoja?"

Sista alifikiri. Naye alikuwa na shida ileile, maana Dereva akifa, aliyekufa ni mgonjwa wake. "Mkono wenye sindano ukisogea kidogo tu, kinarudi kabatini mpaka nistaafu. Na sauti sitaki."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Mama Redio aliazima laptopu ya binti yake, akachomeka kisanduku kwa waya. Hakuna kitu. Laptopu haikukiona kabisa. Akageuza waya, akaupuliza, akauchomeka tena, kisha akacheka peke yake.

"Huu ni waya wa chaji tu. Unalisha lakini hausemi. Ndugu yako huyu, Kimya."

Siku iliyofuata alikuja na waya mwingine, unaolisha na kusema. Kisanduku kile, ili kikubali kuongezewa gemu, kilitaka kitufe cha kuanzia upya kishikiliwe huku swichi inawashwa. Mambo mawili kwa wakati mmoja, na yeye ana mkono mmoja. Nikashikilia kitufe kwa kidole changu cha kulia, yeye akawasha kwa chake cha kushoto. Taa ndogo haikuwaka, na laptopu ikalia kidogo kuonyesha imekiona. Hiyo ndiyo dalili tuliyoitaka.

Kabla ya kuongeza chochote alinakili kilichokuwamo. Alinieleza kwamba mafundi wengi hurukia kuongeza, mambo yakiharibika hawana pa kurudia, na kisanduku kinabaki tofali. Tuliangalia mstari wa kijani ukijaa taratibu. Ulikuwa haujafika mwisho umeme ukakatika.

Mashine zetu za damu zina betri zake, zikaendelea. Tivii ilizima, feni ilizima. Nilitazama laptopu: mstari wa kijani bado unatembea. Kisanduku kilikuwa kinakula umeme wa laptopu, na laptopu ina betri.

"Mama, mashine yako ya damu ipo sawa?" Sista aliuliza akipita na tochi.

"Sijaitazama," alijibu, macho kwenye mstari. "Mimi nikizima mtaniwasha. Hii ikizima, basi."

Hata Dereva alicheka siku ile. Lakini hakukaa.

Kosa lililofuata lilikuwa la Mama Redio mwenyewe. Alipoona njia imefunguka alijaza. Gemu za ndege, za ngumi, za mipira, za watu wa kurukaruka, mamia kwa mamia, mpaka nafasi ikaisha. Alimkabidhi Dereva pedi kwa maringo kidogo. Dereva akashuka na orodha, akashuka, akashuka. Akifungua moja inataka mikono miwili, anafunga. Akifungua nyingine inaganda. Mwisho akaweka pedi kwenye shuka.

"Mama, nimesoma majina tu kama karani. Sista, nitoe."

Mama Redio hakusema neno mpaka alipochomolewa sindano zake. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilitaka kumwambia kitu, nikaishia kumshikia kikapu hadi getini.

Nadhani ukimya ule ndio uliomfanya asikilize. Kwa sababu zamu iliyofuata hakuleta kisanduku. Alimuuliza Dereva habari za barabara. Barabara ipi aliipenda?

Dereva alikuwa ameshaanza kutikisa mguu. Mguu ukatulia. Akaeleza kipande kimoja kirefu, kimenyooka, hakina kona wala mji, asubuhi jua linatokea upande wa abiria. "Pale unaweka gia ya juu na unasahau. Kiwiko dirishani, mkono mmoja kwenye usukani, basi. Unaweza kwenda hivyo mpaka—"

"Mkono mmoja?" Mama Redio alimkatiza.

"Mmoja tu, mama. Wa pili wa nini?"

Mama Redio alinigeukia, na uso wake ulikuwa umefunguka wote.

Alifuta karibu zote alizojaza. Kati ya takataka zile alikuwa nayo, ila hakuiona kwa sababu ya wingi wake: gemu ya zamani sana, barabara inaonekana kutoka juu, gari dogo jekundu, magari mengine unayapita kushoto na kulia, na barabara haina mwisho. Kushoto na kulia ni msalaba tu, kidole kimoja kinatosha. Tatizo likabaki moja. Gari haliendi mpaka kitufe cha mafuta kikandamizwe muda wote, na kitufe kiko upande wa pili wa pedi, mkono mmoja haufiki kotekote.

Mama Redio aliigeuza pedi mkononi, akashusha pumzi. "Hapa tumefika mtoni, na daraja hakuna."

Nikasikia sauti yangu. "Nikikata ukanda wa sandali, nikaubana kuzunguka pedi, na chini yake nikaweka kipande cha soli juu ya kitufe, mafuta yatakaa yamekanyagwa yenyewe."

Mama Redio alianza kuhesabu kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Vikamwishia. Akaendelea kwenye vyangu.

"Sista," aliita, "njoo uone. Leo tumempoteza Kimya."

Niliushona nyumbani mezani pangu: ngozi laini, pini ya chuma iliyotoka kwenye sandali ya mtoto, matundu manne, na kipande cha soli nilichokisugua mpaka kikakaa juu ya kitufe bila kugusa cha jirani. Chini nikagundisha raba ili pedi isiteleze kwenye mkono wa kiti. Sijawahi kushona kitu kidogo kiasi kile wala kukiangalia mara nyingi kiasi kile.

Dereva alifungwa mashine yake. Sista akapitisha shuka juu ya mkono wenye sindano, akaupigapiga kama mtoto anayelazwa. Mama Redio akawasha. Gari jekundu likaondoka lenyewe.

"Breki iko wapi?" Dereva aliuliza.

"Haina. Endesha."

Akaendesha. Mwanzoni aligonga sana, akatukana magari mengine, akaomba radhi kwa Mama Redio, akatukana tena. Kisha akatulia. Bega likashuka, kiwiko kikakaa kwenye mkono wa kiti kama kwenye dirisha la lori. Saa ya ukutani ikapita pale alipozoea kuita, na hakuita. Mimi sikuwa naangalia tivii, nilikuwa naangalia ule mguu wake. Haukutikisika. Mama Redio naye alijifanya anasoma kipande cha gazeti, amekishika juu chini.

Mlango ukafunguliwa kidogo, mkewe akachungulia, hofu imemjaa machoni. Alizoea mumewe kutoka mapema; leo amesubiri mpaka akadhani limetokea jambo. Akamwona mumewe analipita lori la njano kushoto.

"Kuna nini?" alinong'ona.

"Yuko kazini," Mama Redio alimjibu.

Masaa manne yalipotimia mashine ya Dereva ililia. Sista akasogea na pamba zake.

"Ngoja, Sista," Dereva alisema, macho hayabanduki. "Ngoja nipaki."

Tangu siku hiyo hakuwahi kuomba kutolewa kabla ya saa. Daktari alimpima baadaye, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza wanampa dawa gani mpya. Sista alimwonyesha kile kisanduku na ukanda wangu. Daktari aliufungua na kuufunga mara kadhaa, akauliza nani kaushona. Mimi nikatazama dirishani, lakini masikio yangu yalisikia vizuri sana Sista alipojibu: "Fundi wetu." Naliandika hapa neno hilo kwa sababu sikupata kulisimulia popote.

Wengine nao walitaka. Mama Redio hakujaza tena. Alimuuliza kila mtu anapenda nini na mkono gani uko huru, akamtafutia gemu mbili tatu tu: mwalimu mmoja drafti, binti wa duka la vitambaa matofali yanayoanguka. Mimi nikashona kanda za kushoto na za kulia. Watu wa wodi nyingine walikuja kutazama mlangoni, naye Mama Redio akikaa wima kwenye kiti chake cha dirishani kama mwenye kampuni.

Kisha mdogo wa kike wa Mama Redio akapimwa, wakafanana, akamtolea figo. Upasuaji ulikuwa mji wa mbali, na Mama Redio angebaki huko kwa binti yake mwingine. Tunasikia ni mzima, anakojoa kama mtoto, na ameshafungua meza ya ufundi kibarazani. Huwa anatuma salamu kwa simu ya Sista. Mimi simu siziwezi, kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni ya siku aliyokuja kuaga.

Nilikuwa nimefungwa mashine. Alisimama mbele yangu mikono yote miwili ikiwa huru, kitu nilichokuwa sijawahi kukiona humo ndani. Aliniwekea mfukoni flashi yenye nakala ya kwanza ya kisanduku, ile ya siku ya umeme kukatika, nikiharibu nipate pa kurudia. Nilitaka kumwambia asante, na mengine mengi. Alingoja kidogo ayasikie. Alipoona hayatoki, aliinama akaangalia pedi kwenye kiti cha Dereva, akaubonyeza ukanda kwa kidole, akakunja uso.

"Umeanza kulegea huu, Kimya. Ongeza tundu."